Chipu Alizozifunga Mke Wangu

Siku mke wangu alipofariki nilirudi nyumbani kabla ya saa sita mchana nikakuta pasi yake ya kulehemu bado ni ya moto. Asubuhi ile alikuwa ameketi mezani kwake kwenye karakana, akashika tumbo, akasema, "Seremala, hebu niletee maji." Nilipofika na kikombe alikuwa sakafuni. Hospitalini walisema mshipa mkubwa ulikuwa umepasuka ndani, na hapakuwa na la kufanya. Niliichomoa pasi ukutani, nikakaa kwenye kiti chake. Chumba kizima kilinuka risasi iliyoyeyuka.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, nami niliitwa mume wa Fundi, jambo ambalo halikunisumbua. Tulitengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Mimi nilitengeneza sanduku: mbao, kuta mbili zenye pamba katikati, mlango wa kioo, trei za ndani. Yeye alitengeneza akili yake, yaani saketi ndogo yenye chipu ya kupima joto, kuwasha na kuzima balbu, na kuendesha mota inayogeuza mayai. Yai lisipogeuzwa kifaranga huganda kwenye ganda. Ila siku tatu za mwisho ni lazima litulie, ili kifaranga ajipange, kichwa upande mpana, aweze kutoboa. Siku ishirini na moja: kumi na nane za kugeuza, tatu za kutulia. Chipu ndiyo iliyokuwa ikihesabu.

Mwanzoni alitumia chipu zinazoelewa Basic, lugha ya kuandikia programu inayokaribia maneno ya kawaida. Basic hata mimi wa kidato cha nne niliielewa. Kama joto limezidi, zima balbu. Ongeza saa moja. Kama saa zimetimia, simamisha mota. Nilikuwa namsomea kwa sauti mstari kwa mstari, yeye akiwa ameinamia saketi, na nikikosea ananiambia, "Rudia hapo, mzee wa mbao." Ile ndiyo miaka yetu mizuri. Nilikuwa nikiifahamu kazi yote, ya nje na ya ndani.

Halafu jamaa aliyekuwa akituuzia nyaya akanakili programu yetu yote na kuanza kuuza mashine zake, masanduku ya plaiwudi yaliyopinda kwa mvuke, lakini ndani kulikuwa na Fundi mtupu. Fundi hakugombana naye. Alihamia kwenye chipu nyingine, ndogo, ya miguu minane, isiyojua Basic wala chochote. Hiyo inataka Assembly, lugha ya chipu yenyewe, ya hatua moja moja. Na Assembly ikanitoa nje ya kazi.

"Njoo nikufundishe," aliniambia. "Ukitaka msumari upigwe unasemaje?"

"Nasema, piga msumari."

"Hiyo ndiyo Basic yako iliyokudekeza. Sasa huyu hajui kupiga. Mwelekeze."

"Ashike msumari. Ashike nyundo."

"Nyundo ashike kwa nini? Ana mkono mmoja tu."

"Mmoja?"

"Kiganja kimoja. Kila kitu kinapita hapo hapo. Auweke msumari chini, achukue nyundo, akumbuke msumari aliuweka wapi."

"Huyo si fundi, huyo ni mgonjwa."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Ndiyo maana sipiki siku hizi, namuuguza huyu," akasema.

Nilimwambia nitajifunza baadaye. Kulikuwa na masanduku ya kumalizia. Yeye akaandika peke yake, mistari mifupi mifupi ambayo haikusomeka kwa sauti, na alipomaliza akaichoma, yaani akaiingiza, kwenye chipu na kuifunga.

"Nikishaifunga," alisema, "hakuna wa kuisoma kutoka ndani ya chipu. Inafanya kazi, basi."

"Hata mimi?"

"Wewe uisome ya nini, na kujifunza hutaki?" Alinipiga begani. "Usiwe na wasiwasi. Iko kwenye kompyuta. Kompyuta haiendi popote."

Kompyuta ilikwenda. Hata maua ya kaburini hayajanyauka, shemeji yangu, kaka yake Fundi, alikuja na gari.

"Shemeji, hivi ni vitu vya dada yetu," alisema akiwa amesimama mlangoni pa karakana. Alikuwa na adabu. Hata viatu alivua.

"Hiyo kompyuta ina kazi zake zote ndani."

"Kazi zipi tena, shemeji? Si ameshapumzika?"

Nilikuwa sijalala siku kadhaa na ulimi ulikuwa mzito. Akachukua kompyuta na mkoba wake, na ndani ya mkoba kulikuwa na flashi ambayo Fundi alihifadhia nakala. Akachukua mashine ya kupimia umeme na pasi ya kulehemu. Kichomeo, kile kidude cha kuingizia programu kwenye chipu, alikiacha kwa kuwa kilifanana na takataka. Nilipopata akili nikampigia simu.

"Ile niliisafisha yote," alisema. "Ilikuwa nzito sana, ilikuwa inaganda."

"Na flashi?"

"Flashi watoto wamejazia nyimbo. Kwani kulikuwa na kitu?"

Nikasema hapana, hakukuwa na kitu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda niliona aibu kwa niaba yake, naye hakuwa nayo.

Basi kazi yote ya mke wangu ikabaki ndani ya chipu zilizokuwa zikifanya kazi, na chipu zenyewe hazisomeki. Wateja wengi walishaanza kuhamia kwenye mashine za plastiki zinazoletwa na kampuni moja, zenye taa za rangi. Chumba pekee kilichobaki na mashine za Fundi tupu, zimepangwa ukutani kama makabati, kilikuwa cha Mama Vifaranga, mteja wetu wa kwanza. Nilikuwa napita kwake bila sababu, nasimama mlangoni, nasikiliza mota zikigeuza trei kwa pamoja. Alikuwa ananiacha nisikilize.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Asubuhi yake Mama Vifaranga alikuja mwenyewe karakana.

"Baba, ile ya dirishani imekata kauli," alisema, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. "Nisamehe. Sikuwa na maana hiyo."

"Chipu imeungua?"

"Wewe ndiye wa kuniambia. Ninachojua haiwaki." Alikaa kwenye benchi, akapangusa vumbi la mbao kwenye kanga yake. "Sikufichi. Yule kijana wa kampuni ananipigia simu kila siku kuliko mume wangu. Anataka azitoe zote aniwekee za plastiki. Mimi nampiga chenga kwa sababu ya Fundi. Lakini mashine isiyo na mtu wa kuitengeneza ni kabati tu, Baba. Itengeneze hii, nitamwambia asinipigie tena. Ukishindwa, nitafanya nini?"

Nikamwambia nitaitengeneza. Nilisema kama mtu anayejua.

Nilinunua kompyuta kuukuu na kupakua kitabu cha ile chipu, Kiingereza kitupu, nikakisoma na kamusi pembeni. Kwanza niliandika programu nzima kwa Basic kama nilivyoikumbuka, maana ile nilikuwa nimeisoma kwa sauti mpaka ikakaa kichwani. Kisha nikaanza kuivunjavunja iwe Assembly, mstari mmoja wa Basic ukizaa mistari sita, kumi, ishirini. Chukua namba, iweke kiganjani. Iweke kwenye kikopo. Punguza moja. Imefika sifuri? Kama bado, rudi nyuma. Hata kusubiri sekunde moja, jambo ambalo kwenye Basic ni neno moja, hapa ni kumpa chipu hesabu ya kijinga aizungushe mpaka achoke. Nilijifunza kwamba vikopo vyake vya kuhifadhia namba ni vidogo, kila kimoja mwisho wake ni mia mbili hamsini na tano. Ukiongeza moja zaidi hakimwagiki wala hakilalamiki. Kinarudi sifuri, kimya, kana kwamba hakijawahi kuhesabu.

Nilikuwa namkasirikia nikiwa kazini. Nilipokwama nilimsema kwa sauti: ulishindwa nini kuniachia hata karatasi moja? Uliogopa nitakuibia? Halafu mstari unakubali, balbu inawaka, nageuka kumwonyesha.

Ilipowaka vizuri niliiacha ikiwa tupu kwa wiki nzima, kipimajoto ndani, nikiangalia kila mara. Joto halikuyumba. Mota iligeuza trei bila kuruka saa. Nikaichukua kwa Mama Vifaranga, nikaipachika pale dirishani katikati ya wenzake, na akaijaza mayai siku hiyo hiyo.

"Inalia sawasawa na zile," alisema.

"Inalia sawa," nikasema. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimalize chakula kwenye sahani.

Siku ya kutotoa alinipigia. Hakusalimia.

"Njoo uone kazi yako."

Mashine zilizokuwa jirani nayo zilikuwa zimejaa makelele ya vifaranga, maana zote zilijazwa siku moja. Ya dirishani ilikuwa kimya. Na trei ilikuwa inacheza. Siku ya ishirini na moja, trei bado inageuka, taratibu, kwa utii.

"Hukuona kwamba haijasimama?" nilimuuliza.

"Miaka yote sijawahi kuangalia kama mashine ya Fundi imesimama au haijasimama," alisema. "Ningeangaliaje safari hii?"

Alivunja yai moja mbele yangu. Kifaranga alikuwa amekamilika, ana manyoya na kucha, kichwa kiko upande mwembamba wa yai pasipo na hewa. La pili lilikuwa hivyo hivyo. La tatu nilimshika mkono.

"Fundi asingeniletea hivi," alisema.

"Najua."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikafungua kompyuta mapajani nikasoma. Haikuchukua muda. Kwenye Basic nilikuwa nimezoea kuandika saa ni saa jumlisha moja, na Basic inatafuta nafasi yenyewe, hata saa zikiwa mia tano. Nilipohamisha mstari ule niliziweka saa kwenye kikopo kimoja. Siku kumi na nane zina saa zaidi ya mia nne. Siku ya kumi na moja kikopo kilijaa, kikarudi sifuri, na mashine ikaamini kwamba mayai yamewekwa leo. Ningeiacha mwaka mzima, isingefika siku ya kumi na nane. Wiki yangu moja ya majaribio isingeonyesha kitu. Nilivijua vile vikopo na bado mkono uliandika kwa mazoea ya Basic.

Nilimweleza yote, bila kuficha. Alisikiliza huku akikusanya maganda kwenye ndoo nyingine.

"Inatengenezeka?"

"Ni vikopo viwili badala ya kimoja. Mistari michache."

"Na hizi za Fundi, hazina tatizo hilo?"

"Zimekuwa zikisimama miaka yote."

"Unaweza kuzifungua ukaona alivyofanya?"

"Hazifunguki. Alizifunga."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

Alitikisa kichwa, sijui alimtikisia nani kati yangu na Fundi.

"Basi nisikilize, Baba. Itengeneze. Nitakupa mayai mara moja zaidi, mashine hii hii, mbele ya macho yangu. Yakitotoka, nataka uzibadilishe zote. Zote ziwe na hiyo programu yako."

"Za Fundi hazina kasoro. Ziache."

"Leo hazina. Zikifa nimpigie nani? Umeniambia mwenyewe hakuna anayejua kilichomo." Hakuwa anafoka tena. "Nataka chumba kizima kiwe cha mtu aliye hai. Ama zako zote, ama za plastiki zote. Kuchanganya sichanganyi."

Niliomba kidogo. Nilisema abakishe hata moja. Aliniambia, "Fundi alikuwa kama mdogo wangu, usinifanye nionekane mbaya," na ikawa yeye ndiye anayelia, mimi ndiye ninayembembeleza.

Nilirekebisha. Mayai yaliwekwa, na siku ya kumi na nane tulisimama wote wawili mbele ya kioo mpaka trei ikasimama. Yakatotoka. Hayakutofautiana na ya jirani, na hilo ndilo lililoniuma: kwamba kwa vifaranga ilikuwa sawa tu.

Juma lililofuata niliingia na bisibisi. Nilizima mashine moja baada ya nyingine na kung'oa chipu zake. Kila moja Fundi alikuwa ameitia nukta ya rangi ya kucha kwenye mguu wa kwanza, ili asiipachike kinyume. Alikuwa hapaki kucha. Kichupa kile alikinunua kwa kazi hiyo. Chipu ni nyepesi, ukiishika huhisi kitu. Zote zilikuwa nzima. Nikapachika zangu. Kijana wa kampuni alipiga simu nikiwa pale pale, na Mama Vifaranga akamwambia ana fundi wake.

Sasa chumba chote kinaendeshwa na programu yangu, na sijaifunga. Mwenye kichomeo yeyote anaweza kuisoma. Mayai mengine yanaingia Jumatatu.