Dakika Nne Kabla ya Geti

Jumanne saa nne asubuhi, daktari wa meno aliingiza gari lake jeupe kwenye karakana ya Masikio, akazima injini, akapangusa usukani kwa kitambaa, kisha akashuka. Masikio alikuwa fundi wa mabomba ya moshi. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na kipimo kingine cha kazi. Mafundi wengine walikuwa na mashine zenye taa. Yeye aliegemeza bisibisi ndefu kwenye bomba, akatia mpini wake sikioni, akafumba macho, halafu akakwambia palipotoboka. Hakuwahi kukosea, kwa upande wa magari.

"Habari za asubuhi, fundi. Shemeji hajambo? Lile jino linakaa vizuri?"

"Hajambo, daktari. Linakaa. Anatafunia hata mfupa."

Lilikuwa jino la mbele, la juu. Daktari alilipandikiza mwaka juzi kwa ule mkono wake mwepesi uliosifiwa mji mzima, na hakuuliza la kwanza lilitokaje. Tangu siku hiyo Masikio alimhesabu kuwa muungwana.

Kabla ya kupandisha gari lolote kwenye jeki, Masikio alikuwa na swali moja: unataka nani asikie? Vijana walitaka wasikiwe na wasichana. Mwenye teksi alitaka asikiwe na watu walio bado kitandani. Muuza majeneza alitaka asisikiwe na mtu yeyote, na Masikio alimtengenezea hivyo hivyo.

"Watoto wangu," alisema daktari. "Nataka nikifika kona wakimbilie getini. Wa jirani wanamkimbilia baba yao kila siku, mimi naona. Wangu, nikiingia ndani, nyumba kimya kama imehamwa."

Masikio aliwasha gari, akategea sikio. Lilinguruma kwa koo, mlio mzito wenye mikwaruzo.

"Huu mlio unawatisha watoto. Ni wa lori huu."

"Ndiyo nilivyofikiri mimi," alisema daktari, na wote wawili wakapata nafuu kwamba kosa lilikuwa la bomba.

Kazi ilichukua siku nzima. Masikio alikata bomba la zamani kwa grenda, pamoja na sailensa yake, lile pipa la katikati linalomeza kelele. Akakunja bomba jipya la chuma kisichoshika kutu, akatoboa matundu kwenye bomba la ndani, akalizungushia sufu ya glasi, akalitumbukiza kwenye pipa jipya, akachomelea. Aliwasha, akasikiliza, akafungua, akapunguza sufu konzi moja, akafunga tena. Mara ya tano gari lilitoa sauti ya mtu anayeimbia puani huku anafagia uwanja. Mpiga rangi, aliyekodi upande wa pili wa karakana hiyo hiyo, alitoa kichwa nyuma ya mlango wa gari aliokuwa akiupulizia.

"Hilo unaweza kubembelezea mtoto," alisema.

Daktari alishukuru kwa mikono miwili. Lile bovu, alisema, litupwe tu. Masikio alilibeba akalitupa nyuma ya karakana, kwenye lundo la mabomba aliyokuwa akiyang'oa kwa miaka kumi.

Kesho yake jioni, saa kumi na mbili kasoro robo, gari jeupe la daktari lilipita kwenye tangi la maji lililo mbele ya karakana, likiimba. Wakati huo huo bomba la zamani, ambalo halikuunganishwa na kitu chochote, lilianza kunguruma juu ya lundo. Lilipanda gia, likashuka gia, likakohoa kama gari linaloruka tuta, likanyamaza baada ya dakika nne. Ukitoka kwenye tangi mpaka geti la daktari ni dakika nne.

"Limeng'olewa, mizizi imebaki," alisema mpiga rangi bila kuacha kazi.

Masikio alilijaza matambara pande zote mbili, maana lilimharibia usikivu. Alhamisi, saa ile ile, lilitema matambara na kunguruma. Aliliwekea mkono. Lilikuwa la moto. Alikuwa amelala chini ya magari maisha yake yote, na mlio wa bomba haukuwahi kumtisha, lakini huu ulimtia woga wa kitoto, ule wa kutaka kujificha mahali pembamba. Alikasirika kwa kuogopa, akalipiga teke.

Yeye mwenyewe alikuwa na pikapu ya kijivu. Mwaka mmoja uliopita aliibadilishia bomba ili wateja waone kazi yake, na tangu hapo iliingia nyumbani kama paka. Kila jioni alipofungua mlango alikuta mambo mguu sawa: kandambili zake zimeelekezwa ndani, maji ya kuoga ya moto, redio imezimwa, watoto wawili mezani na vitabu, mkewe kwenye kiti kinachotazama dirisha. Hakuwahi kukuta kikombe mahali pasipo pake. Mlango wa chuma wa jikoni ulikuwa na mishono mitatu ya kuchomelea, yote safi, yote kazi ya mkono wake, kwani Masikio alikuwa mtu wa kutengeneza alichovunja. Mbele za watu alipenda kusema kwamba nyumba yake ina adabu.

Ijumaa asubuhi mke wa daktari alikuja kwa miguu na binti yake mdogo, wa miaka sita. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa kwenye plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko. Mama hakukaa kwenye benchi aliloonyeshwa. Alisimama akiwa ameegemea ukuta, macho barabarani.

"Fundi, nimekuja kukuomba. Turudishie mlio wa zamani."

"Kwani huu mbaya, shemeji?"

"Mzuri mno. Jumanne jioni huyu mdogo alidhani ni wageni. Tulikuwa tunakanda unga, akakimbilia getini na mikono yake ile ile. Akashika gari."

Masikio alitazama plasta, kisha akaona ni bora atazame spana iliyokuwa mkononi mwake.

"Ule wa zamani tulikuwa tunausikia tangu kwenye tangi," alisema mwanamke, kwa sauti ya mtu anayeeleza gari lake linavyovuja. "Dakika nne. Mkubwa anafuta meza, huyu anaingia nyuma ya kabati, mimi nazima redio, nanawa uso, naenda kufungua geti. Zilikuwa zinatutosha kabisa. Sasa hatumsikii. Inabidi tukae tayari tangu saa nane mchana. Watoto hawachezi tena, fundi. Wanakaa tu na vitabu. Na mimi nakaa kwenye kiti, naangalia dirisha."

Kiti hicho Masikio alikijua. Lakini alijua pia kulikalia wazo, na alilikalia.

"Gari la mtu siwezi kuligusa bila ruhusa yake," alisema. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba alimwogopa daktari, na aliogopa zaidi kuulizwa anayajuaje hayo. Polisi hakuna aliyewataja. Mkuu wa kituo alikuwa na meno sita ya daktari mdomoni, na aliyafurahia.

"Mpe bomba," alisema mpiga rangi kutoka nyuma ya gari.

Basi Masikio aliwapeleka kwenye lundo, akaeleza. Mwanamke hakushangaa. Aliinama, akaligusa kwa kidole, akauliza tu, "Linaanza akiwa wapi?"

"Hapo kwenye tangi."

"Na linalia mpaka getini?"

"Dakika nne. Na sekunde kidogo."

Alizipitisha kwenye vidole: meza, kabati, redio, uso, geti.

"Zinatosha," alisema.

"Linauma?" aliuliza mtoto.

"Hapana," alisema mama yake. "Linasema tu."

Alilivingirisha kwenye shuka, akaliegemeza begani kama mtoto aliyelala. Nyumbani, alisema, atapanda maua ndani yake na kuliweka barazani, mume wake ataona ni pambo. Akamshika binti kwa mkono mzima, wakaondoka upesi, upande wa barabara usiopitwa na magari.

Jioni hiyo gari jeupe lilipita likiimba, na lundo likakaa kimya. Masikio alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akatungua funguo msumarini. Moyo ulikuwa mwepesi. Alijiona amefanya jambo la maana.

"Afadhali," alisema mpiga rangi. "Sasa limebaki moja."

"Moja lipi?"

"Lako. Lile linalonguruma kila ukitoka getini. Huu mwaka wa pili. Mimi nakaa mpaka giza, ndiyo maana nalisikia." Aliinua barakoa yake ya kupulizia, akamtazama. "Nilidhani unajua."

Masikio alicheka. Akapanda pikapu, akatoka getini polepole, akaingia barabarani, akategea sikio. Nyuma ya ukuta, chini kabisa ya lundo, kitu kilikuwa kikinguruma. Akarudi ndani kinyumenyume, kikanyamaza. Akatoka, kikaanza. Alifanya hivyo mara tatu, mpaka mguu ukamteleza kwenye klachi.

Alifukua lundo kwa mikono mitupu. Lilikuwa chini ya mabomba ya mwaka mzima, limeliwa na kutu, na kwenye kiungo chake palikuwa na mshono wa kuchomelea alioutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Mpiga rangi alimsaidia kulibeba. Masikio angetoa chochote siku ile kupata mzaha wake mmoja.

Aliliweka kwenye kiti cha abiria. Lilinguruma njia nzima. Gari lenyewe lilikwenda kimya, bomba likanguruma kando yake kwa koo lile lile alilokuwa nalo miaka yote ya ndoa yake, na sasa, kwa mara ya kwanza, alilisikia likimwelekea yeye. Liliogofya. Alitamani mtu aje alizime. Penye kona ya mtaa wake mwanamke mmoja asiyemjua alimvuta mwanawe ndani na kufunga geti.

Alisimamisha gari mbele ya nyumba. Hakushuka. Kwa yale masikio yake yasiyokosea alisikia nyumba ikijiandaa. Kiti kilikwaruza sakafu. Redio ilikatwa katikati ya neno. Bomba la maji lilifunguliwa, likafungwa. Miguu midogo ilikimbia kutoka uani, ikasita, ikakimbia tena. Kitabu kilidondoka, kikaokotwa. Halafu kimya, kile kimya alichokuwa akikiita adabu.

Aliingia akiwa amelikumbatia bomba. Watoto walikuwa mezani. Mkewe alikuwa amesimama kando ya kiti. Masikio aliliweka bomba katikati ya meza, kwa kukosa pengine pa kuliweka.

Mkewe alilitazama kama mtu anavyotazama ndugu aliyepotea njia na kurudi.

"Lilikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kwenye vyuma chakavu."

"Tumelisikia tangu kona. Linaanza saa ngapi?"

"Nikitoka geti la karakana."

"Dakika kumi na tano," alisema mkewe polepole, na akatabasamu, jino la daktari likaonekana. Alikaa kwenye kiti chake, akaegemea. Masikio alitambua kwamba hakuwahi kumwona akiegemea. "Wanangu, kuanzia kesho mnaweza kucheza nje mpaka lilie."

Watoto hawakufurahi mara moja. Walimtazama baba yao kwanza.

Masikio alitaka kusema neno. Alikuwa nalo. Akatafuta pa kulianzia. Alipoinamisha macho aliona kutu imemwagika kwenye kitambaa cha meza. Kilikuwa kitambaa cheupe, kipya.

"Nani ametandika kitambaa cheupe hapa?" aliuliza. Aliuliza taratibu tu.

Pikapu ilikuwa nje, imezimwa. Funguo zilikuwa mfukoni mwake. Katikati ya meza bomba lilianza kunguruma, chini chini, likitikisa vijiko.

Wote wanne walilisikia. Watoto walifunga vitabu, wakainuka, wakaenda chumbani bila kukimbia na bila kuambiwa. Ufunguo ulizunguka kwenye kitasa. Masikio alisimama pale pale akilisikiliza bomba likipanda gia, na aliogopa kama hajawahi kuogopa. Mkewe alikisogeza kikombe chake mbali na ukingo wa meza, akanyoosha mkono, akafungua mlango wa jikoni ili usije ukavunjwa tena.