Vidole Vinne Kwenye Ramani

Mtaani kwetu hawaniiti dada fundi cherehani, wananiita Refa. Jina nililipata kwa haki. Mpira ukianza nagombana na mwamuzi kana kwamba ananisikia, na ukuta wetu na wa jirani ni mwembamba. "Kadi hiyo! We kipofu, kadi!" Siku moja mteja aliyekuja kupimwa gauni alitoka mbio akidhani namfokea yeye.

Na si mpira tu. Mimi kila kitu lazima nikijibu. Simu ikiniuliza kama nakubali masharti mapya, naiambia, "Nimekubali jana, nimekubali juzi, sasa unataka nikuandikie barua?" Nikiona kwenye habari marais wawili wanatunishiana misuli, nawashauri waende uwanjani wapigane wenyewe, watoto wa watu wabaki makwao. Mama hucheka mpaka anafuta machozi. Akichoka na mdomo wangu huniambia, "Refa, wape na wenzako nafasi ya kusema."

Mama na mimi tunaishi vyumba viwili. Cha mbele ndicho cha kazi: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia, kochi lake, na televisheni juu ya kabati la vitambaa. Yeye hunisaidia kufumua bandi, zile nyuzi za muda ninazoshikizia nguo kabla ya kuishona. Macho yake hayasomi tena maandishi, lakini vidole vyake huupata uzi popote ulipojificha. Ukutani, nyuma ya kochi, kuna ramani ya dunia.

Ramani ile tuliibandika siku mdogo wangu wa kiume aliposafiri. Ndiye kitinda mimba wa mama, na sisi twamwita hivyo hivyo, Kitinda. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, akapata kazi kiwandani, katika nchi ambayo mama hakuwahi hata kuisikia. Nilichukua pini yenye kichwa cha buluu nikaichoma kwenye mji wake. "Yupo hapo," nikamwambia mama. Akaweka kidole juu ya pini, akakiacha hapo muda mrefu.

Tangu hapo ikawa desturi. Habari zikionyesha vita, moto au tetemeko, mama huuliza, "Ni mbali na kwa Kitinda?" Mimi nanyanyuka, nasoma jina la mahali, nachoma pini nyeupe, halafu yeye anapima kwa vidole kutoka pini hadi pini. Vidole vinne na zaidi ni mbali: anamshukuru Mungu, anarudi kwenye nyuzi zake. Vikipungua vinne, tunampigia Kitinda kwa simu yangu, maana mama hana yake. Hivyo vinne aliviamua mwenyewe, usiniulize kwa hesabu gani.

Mwaka wa kwanza nilinyanyuka kila mara. Mwaka wa pili nikaanza kuchoka. Dunia hii nayo haina adabu, haipiti siku bila kuwaka mahali. Mimi nina mkono wa gauni chini ya sindano, mguu uko kwenye pedali, na simu nimeiegemeza kwenye kibiringo cha uzi naangalia mpira. Maana tulikuwa na makubaliano: saa za mpira, televisheni ni ya mama kwa picha tu, sauti nimeizima ili nimsikie mtangazaji wangu kwenye simu. Mama akiuliza, "Ni mbali?" nikaanza kujibu bila kuinuka. "Mbali, mama." Mwanzoni nilikuwa walau natupa jicho. Baadaye hata jicho sikutupa. Na yeye alikuwa ananiamini. Nikisema mbali, ilikuwa mbali.

Jumapili moja jioni ikafika fainali. Timu yangu ilikuwa haijagusa kombe kwa miaka kumi na saba. Mara ya mwisho Kitinda alikuwa mdogo wa kubebwa mabegani, nikamzungusha mtaa mzima tukishangilia. Dakika tisini, bila bila. Dakika za nyongeza, bila bila. Tukaenda penati. Nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, na nilikuja kugundua baadaye kwamba mkono wa kulia niliushonea bega la kushoto.

"Refa," mama akaita. "Watu wako juu ya mapaa. Maji ni mengi. Ni mbali na kwa Kitinda?"

"Mbali, mama."

"Hebu soma jina."

"Mama, ni penati! Si nimeshakwambia ni mbali?"

Nikasikia uzi ukikatika mkononi mwake.

Penati ya tano, yetu, ya mwisho. Mchezaji ameshaweka mpira, anarudi nyuma. Simu ikatetemeka, picha ikapotea, kioo kizima kikajaa jina la Kitinda. Yeyote aliyewahi kuangalia mpira kwenye simu anaijua hasira ile. "Ebo, we mtoto, huna saa nyingine?" nikasema, nikaikata. Picha iliporudi, mpira ulikuwa wavuni.

Nilipiga kelele nikaangusha kopo la vifungo. Nikamnyanyua mama kwenye kochi nikacheza naye, na yeye masikini akacheza, anacheka kwa sababu mimi nacheka. Nyuma yake, kwenye televisheni, wale watu walikuwa bado juu ya mapaa.

Nilipotulia nikampigia Kitinda nimringie. Hapatikani. Nikajaribu tena. Hapatikani. Ndipo nikainua macho nikasoma maandishi yaliyokuwa yanapita chini ya picha. Bwawa limepasuka, na mji uliozama niliujua. Jina lake nililichomea pini kwa mkono wangu huu.

Nikaenda kwenye ramani na pini nyeupe mkononi, hata sijui nilitaka kufanya nini. Hapakuwa na pa kuichoma, pini ya buluu ilishakaa pale pale. Mama akageuka kochini.

"Unapima nini? Si umesema ni mbali?"

"Napangusa vumbi, mama."

Huo ulikuwa uongo wa pili kwa jioni moja, na wa pili niliusema nikijua.

Kesho yake asubuhi jirani akaja kutupa pole, mama akajua. Hakunilaumu. Alidhani nimemficha nisimpandishe presha, akanishika shavu akasema, "Umelibeba peke yako usiku kucha, mwanangu." Nilitamani ardhi inimeze. Siku tatu cherehani haikulia ndani ya nyumba ile. Mama alikaa kochini ameielekea ramani, si televisheni. Mimi nilikuwa nafungua orodha ya simu zilizoingia, naangalia jina lake na saa aliyopiga, nafunga, nafungua tena. Nilijua kama amekufa, basi aliyemfungia mlango ni dada yake, kwa ajili ya mpira wa watu wasiomjua hata kwa sura. Mara mbili niliweka kidole pale pa kufuta. Sikuweza kufuta. Nikamwambia Mungu, mrudishe hai, nitamwambia mama kila kitu, neno kwa neno.

Jumatano mchana ikaita namba ngeni. Alikuwa hai. Yeye na wenzake walikuwa wamehifadhiwa kwenye madarasa ya shule, na simu aliazima. Niliweka sauti kubwa tusikie wote. Mama alilia, akacheka, akamuuliza kama amekula, akalia tena.

"Bweni letu lilijaa kwa dakika chache," Kitinda akasema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Tukapanda paa. Mama, nilimpigia Refa nikiwa kule juu. Nilitaka nikusikie tu, maana sikudhani nitashuka. Mtandao ukakata. Halafu chaji ikaisha."

"Mtandao!" mama akasema. "Mtandao ulaaniwe!"

Kitinda akaniuliza taratibu, "Refa, mlishinda?"

Alikuwa anajua. Simu iliita vizuri kisha ikakatwa, na mpigaji huwa anajua. Saa za mpira wangu anazijua tangu utotoni.

"Tulishinda," nikasema.

"Kwa penati?"

"Kwa penati."

"Basi vizuri," akasema, na haki ya Mungu alisema bila kisirani. Afadhali angenitukana.

Ile ahadi yangu kwa Mungu nikaiweka kiporo. Nikasema nitamwambia mama kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Mama alikuwa anaimba akifumua bandi, nikajiambia nani amharibie raha yake, tena mwenyewe Kitinda ameshalifunika, mimi nani nifunue? Sababu zilikuwa nyingi na zote tamu. Wakati huo mama alikuwa anatafuta wa kulaumu, na akampata: fundi simu wa pale kona, baba wa watu mpole asiyeweza kumfukuza hata nzi.

"Mtandao wenu ulitaka kuniulia mwana," alimwambia siku ya kwanza.

"Mama, mimi nabadilisha vioo tu, mtandao si wangu."

"Nyie ni wale wale."

Nilicheka siku ile, nikadhani yataishia hapo. Wiki ya pili nilimfuata mama nikamkuta amesimama kibandani, mbele ya wateja watatu, anasimulia jinsi mwanawe alivyokuwa juu ya paa akitaka kumuaga mama yake, na jinsi hawa watu wa simu walivyomkatia. Wateja wanatikisa vichwa. Fundi simu ameinama, bisibisi mkononi, anasema, "Samahani, mama. Samahani sana." Alikuwa anaomba radhi kwa kosa langu, mimi nimesimama pembeni na mkoba wangu.

Nikashindwa. "Mama, twende nyumbani," nikasema. Njia nzima sikufungua mdomo, mimi Refa. Nilipomkalisha kochini ndipo nikayatoa.

"Mama, mtandao haukukata. Nilikata mimi. Penati ya mwisho ilikuwa inapigwa. Na lile jina la mji sikulisoma. Muda mrefu sikuwa nasoma, nilikuwa nasema mbali tu."

Mama alichukua nguo iliyokuwa karibu naye akaanza kuipapasa kutafuta uzi. Nguo ile nilikwisha kuimaliza, haikuwa na bandi hata moja. Aliipapasa yote, mbele na nyuma.

"Ile ya kusema mbali," akasema mwishowe, "naielewa. Mtu huchoka. Na mimi nauliza sana."

"Mama, nisamehe."

"Lakini ile simu haikuwa yako. Mwanangu alikuwa ananiita mimi. Wewe ulikuwa mlango tu."

Nikapiga magoti nikalia kama sijawahi kulia tangu utoto. Akaniwekea mkono kichwani, akasema amenisamehe, niinuke, gauni la watu linanisubiri. Mama yangu hasemi asichomaanisha, kwa hiyo nilijua amenisamehe kweli. Nikadhani yamekwisha.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa fundi simu. Nasikia alimwomba radhi mbele ya watu, mpaka mzee wa watu akaona haya. Akarudi na simu ndogo ya vitufe, ile ya namba kubwa kubwa. Fundi simu alikuwa amemwekea namba moja tu ndani: unabonyeza kitufe cha kwanza, unampata Kitinda. Mama akaiweka mezani mbele yangu.

"Nishonee mfuko," akasema, "wa kuvaa shingoni."

Nilitafuta kitambaa kizuri kuliko vyote kabatini. Kamba yake niliipiga mishono mitatu, isije ikakatika. Alipouvaa akapapasa pindo kwa vidole, akasema kazi nzuri, na kweli akamaanisha.

Siku hizi mpira nauangalia bila sauti, sauti nimemrudishia yeye. Jana jioni habari zilionyesha msitu mzima unawaka, moshi hadi kwenye nyumba za watu. Kabla mama hajafungua mdomo nilishafika kwenye ramani. Nilisoma jina la mahali mara mbili. Nikachoma pini nyeupe, nikapima kwa vidole kutoka pini hadi pini, kisha nikachukua futi ya kupimia nguo nikahakikisha tena.

"Vidole tisa, mama," nikasema. "Tisa kamili. Ni mbali kabisa."

"Ahsante, mwanangu," akanijibu kwa upole.

Halafu akaingiza mkono kwenye ule mfuko niliomshonea, akatoa simu, akabonyeza. Nikaisikia ikiita mara moja, mara mbili.

"Kitinda? Ni mama. Naona moto huku kwenye televisheni. Eti ni mbali na wewe?"

Alisikiliza jibu mpaka mwisho. Ndipo akashusha pumzi, akavuta gauni mapajani, akaanza kufumua bandi. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale ukutani, futi mkononi.