Kiti cha Keki

Katika miaka mitano ya ndoa yake, Karani hakuwahi kusafiri na jamaa ya mumewe. Kila mwisho wa mwaka, familia ilipokwenda kwa siku kumi katika hoteli iliyo kando ya ziwa, yeye aliachwa katika nyumba ya mama mkwe, alishe kuku, amwagilie mboga, na awaambie wageni kwamba wenyewe wamekwenda kupumzika. Jina la Karani alipewa na wifi yake siku ya harusi, kwa kuwa alifanya kazi ya kuandika barua katika ofisi ya maji, na halikukusudiwa kumheshimu. Mumewe alikuwa mpima ardhi. Ugomvi wa mipaka kati ya watu baki aliumaliza kwa haki ambayo hakuna aliyeitilia shaka; lakini mbele ya mama yake aligeuka mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Mwaka wa sita, daktari alimpigia Mama marufuku sukari. Biskuti zilizofichwa ndani ya foronya zikagunduliwa na kutupwa, naye akanuna wiki nzima. Siku moja, mbele ya watu wote sebuleni, akatoa hukumu yake.

"Mwaka huu siendi ziwani. Niende kutafuna mkate mkavu, nyinyi mkilamba vidole mbele yangu? Mngenizika tu, ikawa basi."

"Mama, usiseme hivyo," alisema binti yake, yule wifi mwenye duka la vitambaa.

"Nasema. Huyu Karani wenu si ana oveni? Basi anitengenezee keki isiyo na sukari, niile nifurahi kama mtu. Akiweza, tutamchukua naye. Asipoweza, kuku wanamjua."

Watu wakacheka. Mpimaji alicheka pia, kisha walipobaki wawili chumbani mwao, katika nyumba ndogo ya nyuma ya ua wa Mama, akamshika mkewe mkono kwa furaha.

"Umesikia? Safari hii unakwenda. Mama ametamka mwenyewe."

"Ametamka kwa sharti."

"Sharti gani, mke wangu? Ni keki moja tu."

Haikuwa keki moja. Zilikuwa kumi na saba.

Ya kwanza aliitoa sukari bila kutia kitu mahali pake, ikatoka ngumu na ya rangi ya tofali. Mama aliigonga juu ya meza mara tatu, akamwambia mwanawe aichukue kazini, itamfaa kuwekea mpaka. Ya pili ilikuwa ya ndizi mbivu zilizopondwa, nayo ilibaki mbichi katikati. Karani alimwendea muuguzi wa kliniki ya sukari, akaketi naye saa ya chakula, akaandika katika daftari kila alichoambiwa: tende chache ziloweshwe na kusagwa, wala zisizidi kiasi, unga usiokobolewa uchanganywe nusu kwa nusu, mtindi mahali pa siagi, ute wa mayai utenganishwe na upigwe peke yake mpaka usimame kama povu jeupe, kisha ukunjwe polepole ndani ya unga, kwa maana ukiharakishwa hewa yote hutoka na keki hulala. Alikwangua maganda ya machungwa. Alijifunza kufunga mlango wa oveni bila kuubamiza. Kila Jumamosi, kwa miezi minne, alibeba keki yake mpaka kwa mama mkwe, akasimama kando ya kiti chake kama mtuhumiwa, huku ikionjwa.

"Inanukia," Mama alisema juu ya ile ya tisa. "Tatizo linaanza ukiitia mdomoni."

"Wifi, hii umeoka au umefua?" aliuliza yule binti juu ya ile ya kumi na mbili, akiminya kipande mpaka kikatoa maji.

Karani aliyameza yote. Hakutaka makuu. Alitaka kwa siku kumi kuketi kando ya maji na mumewe bila sinia mkononi, na kuitwa mezani pamoja na wengine chakula kikiwa tayari, badala ya yeye kuwaita. Akaomba likizo ofisini tangu mapema. Akashona gauni jepesi la kijani. Alinunua na viatu vya wazi, akavificha kabatini, kwa kuwa aliona haya kufurahi kabla ya wakati.

Keki ya kumi na saba Mama aliila kimya. Aliomba kipande cha pili. Asubuhi yake walimpima, na kipimo kikawa kizuri kama hakuna kilichotokea. Mama akafuta midomo yake kwa leso, akasema, "Hii inasafiri nasi. Oka tatu."

Mpimaji alimtazama mkewe kwa fahari, na Karani akashindwa kuuzuia uso wake usichanue.

Siku ya safari gari la shemeji, mume wa wifi, lilifika saa moja asubuhi. Lilikuwa gari la watu saba, na watu walikuwa saba: Mama, wifi, mumewe, watoto wao wawili, Mpimaji na Karani. Karani alitoka na gauni lake la kijani, akiwa amebeba boksi kubwa la keki tatu, zimefungwa kila moja kwa karatasi yake. Nyuma ya viti mizigo ilikuwa imejaa hadi darini.

"Hizo keki zinakaa wapi?" aliuliza Mama, aliyekwisha kupanda.

"Nitazipakata, Mama," alisema Karani.

"Saa sita nzima? Mapaja yako ni oveni? Zitavunda hizo."

"Tuziweke juu, tufunge kamba," alisema shemeji.

"Juani? Mimi ndiye mgonjwa, nami naulizwa kama keki yangu ianikwe?"

Wifi alitazama kiti cha mwisho nyuma, kando ya watoto, kilichokuwa cha Karani. "Zingekaa pale vizuri. Ila sasa..." Hakumaliza. Alimgeukia kaka yake, akasubiri.

Hapo Mpimaji akafanya jambo ambalo mkewe hakulisahau. Alitoa mfukoni utepe wake wa kupimia. Akapima boksi, akapima kiti, akainama tena akapima nafasi iliyobaki kati ya kiti na mlango, kwa umakini ule ule ambao watu wa vijiji vingi walimsifia.

"Havitoshi vyote viwili," alisema, akiukunja utepe. "Ni boksi au mtu."

"Basi si umeona?" alisema Mama kwa upole, kama mtu anayemfariji mtoto. "Hakuna aliyesema hapana. Ni nafasi tu."

Karani alikuwa amekwisha kupanda na kuketi pale. Alizishika kingo za kiti kwa mikono miwili. "Mama, uliniahidi."

"Nilikuahidi, na keki yako ndiyo hiyo inakwenda. Wangapi wanapata heshima hiyo?"

Watoto wakacheka, kwa kuwa mama yao alicheka. Mpimaji alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akalivuta begi la mkewe kutoka miguuni pake na kuliweka chini, juu ya vumbi. Alifanya hivyo taratibu, wala hakumtazama.

"Mwaka ujao, mke wangu. Nakuapia. Shuka, jua linapanda."

Akashuka. Boksi likawekwa mahali alipokuwa, likafungwa mkanda. Wifi alitoa kichwa dirishani. "Karani, usisahau maji ya kuku." Gari likaondoka, naye akafunga geti, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulifunga.

Siku ya tatu, mchana, mumewe alipiga simu.

"Hujambo mke wangu? Keki zimekwisha. Watoto nao walizipenda, unajua watoto. Sasa Mama amegoma kula. Oka nyingine uitume kwa basi la alfajiri."

"Yeye hajambo?"

"Ana hasira tu. Oka mbili."

"Na wewe hujambo?"

"Mimi? Mimi niko salama. Oka mbili, mke wangu, usisahau chungwa."

Karani alioka mbili. Kisha akawaza: basi likipeleka keki, haliwezi kukataa kumpeleka na aliyezioka, na mtu akisha kufika mlangoni, watu gani wa heshima watamrudisha? Akamwachia jirani funguo za geti na kazi ya kuku. Akapiga pasi gauni la kijani, akavaa viatu vipya, na alfajiri akapanda basi na boksi mapajani. Keki hazikuvunda. Alizishika saa sita bila kuhama, hata vidole vikafa ganzi.

Hoteli ilikuwa kama alivyoiona katika picha zao za kila mwaka. Katika bustani, chini ya mwavuli mkubwa, familia ilikuwa mezani. Viti vilikuwa sita na vyote vilikaliwa. Mumewe alikuwa amevaa kaptura na kofia ya majani. Alipomwona hakushangaa, na kutoshangaa kwake ndiko kulikomchoma mkewe kuliko yote yaliyotangulia.

"Umefika," alisema. "Lete nikupokee." Akapokea boksi.

Mtoto mdogo wa wifi alifurahi kweli. "Anti! Anti, mbona hukuja na sisi?"

"Gari lilijaa, mwanangu. Keki zilikuwa na kiti."

"Lakini keki zilikaa chini," alisema mtoto. "Bibi alisema miguu inamuuma, akainyoosha pale kwenye kiti."

Shemeji alikohoa, akaanza kukitafuta kichupa cha chumvi ambacho kilikuwa mbele yake. Mama hakuona haya hata kidogo. Alikuwa akifungua karatasi ya keki.

"Miguu ikivimba, inyooshwe, daktari alisema. Kisu kiko wapi?" Akakata, akala, akafumba macho. "Hii inazidi zile. Basi la kurudi linaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa," alisema Mpimaji papo hapo.

Karani akamgeukia. "Umejuaje?"

"Jana nilipita stendi nikauliza. Mama alisema lazima utazileta mwenyewe."

Hata wifi alitazama sahani yake. Lakini Mama alikuwa na neno la faida.

"Tatizo hizi nazo zitakwisha kesho kutwa, na huyu hawezi kuwa anakuja na kurudi kama barua. Mpishi wa hapa nimemuuliza, ataoka akipewa maelezo. Karani, andika. Kila kitu na kipimo chake."

Wifi akatoa kalamu na karatasi katika mkoba wake, akavisukuma mpaka pembeni mwa meza. Karani alivitazama. Alifahamu, kama wote pale mezani walivyofahamu, kwamba sababu pekee ya watu hawa kumpigia simu ilikuwa katika vidole vyake, na kwamba ikisha kuwekwa juu ya karatasi ile, hatahitajika tena.

"Nitaandika nikiwa nimekaa," alisema.

Hakuna aliyeinuka. Mama aliendelea kula. Karani hakumtazama mwingine ila mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, bila machozi, na kila mtu akajua anasubiri nini.

Mpimaji aliinuka. Aliusogeza mkono wake kuelekea kiti chake, akautazama uso wa mama yake, na mkono ukageuka njiani ukachukua karatasi.

"Kuna meza nzuri pale mapokezi," alisema. "Twende, nikuoneshe."

Pale mapokezi kulikuwa na kiti, na Karani akaketi. Msichana wa hoteli alimtabasamia. "Karibu sana. Wewe ni mgeni wetu?"

"Hapana. Nimeleta keki."

Akaandika. Angeweza kukosea kwa makusudi, akazidisha tende au akasahau ute wa mayai, na kwa saa moja ya hasira angeona ameshinda. Hakufanya hivyo, kwa sababu katika miaka kumi na moja ya kazi hakuwa ameandika neno la uongo, na hakuona kwa nini watu hawa wapewe heshima ya kumharibu. Aliandika vipimo vyote, muda, joto la oveni, hata onyo la kutobamiza mlango. Akaikunja karatasi mara mbili, akampa mumewe.

"Umefanya vizuri sana," alisema Mpimaji, akipumua kwa nafuu. "Sasa umetua mzigo. Mwaka ujao utapumzika."

"Mwaka ujao mtaoka wenyewe. Nimewaandikia."

Alidhani ni utani, akacheka. Akamsindikiza stendi, akamwonesha basi, lakini hakungoja liondoke, kwa kuwa saa ya chai ilikuwa imekaribia na Mama hakupenda kungoja.

Siku ya kumi familia ilirudi. Shemeji alipiga honi mbele ya geti mara moja, kama ilivyo desturi yao. Akapiga ya pili. Akapiga mfululizo, mpaka majirani wakachungulia. Simu ya Karani ilikuwa imezimwa. Mwishowe Mpimaji alishuka na kaptura yake ya likizo, akaukwea ukuta huku watoto wakimshangilia, akachanika goti, akaangukia upande wa ndani.

Yadi ilikuwa imefagiwa, na juu yake zilikuwa funguo za geti, zilizorushwa ndani kutoka nje. Kuku walikuwa na maji. Alikimbia mpaka kwao, nyumba ya nyuma, akafungua kabati. Upande wake mwenyewe mashati yalikuwa yamepigwa pasi na kupangwa. Upande wa pili hapakuwa na kitu, hata kibao cha kutundikia nguo. Akarudi getini akichechemea, damu ikimtiririka gotini.

"Yuko wapi?" aliuliza wifi kupitia nondo.

"Hayupo. Amechukua vitu vyake. Vyote."

Shemeji alizima gari. Ndani, katika kiti kile cha nyuma, Mama alikuwa ameinyoosha miguu yake yote miwili, na juu ya mapaja yake kulikuwa na kipande cha keki ya mpishi wa hoteli ndani ya karatasi.

"Umesimama hapo unalia nini, mwanangu?" alisema. "Fungua geti. Miguu imenivimba."