Huruma ya Kifaranga

Kazi yangu ni kuwaangusha watu mashimoni kwa kipimo. Ofisini tuko watatu, na tunatengeneza michezo midogo ya mtandaoni, ile ambayo mtu hapakui chochote: anafungua ukurasa, anacheza dakika tano huku anasubiri chai ichemke, anafunga. Mmoja anachora, mmoja anaandika programu, mimi napima ugumu. Mchezo ukiwa rahisi mno, mchezaji anaondoka kwa kuchoshwa. Ukiwa mgumu mno anaondoka kwa matusi, na matusi hayo huyaandika chini ya ukurasa, nami huyasoma yote kila Jumatatu.

Mchoraji wetu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na kwa kelele, ana kanuni moja. "Mchezaji akianguka, ajilaumu mwenyewe. Siku akiulaumu mchezo, umeshampoteza." Kwa hiyo kitufe kikichelewa kuitika ni kosa letu. Shimo likijificha nyuma ya tangazo ni kosa letu. Kumrudisha mtu mwanzo kabisa kwa kosa dogo, kisha kumsubirisha sekunde kumi ndipo ajaribu tena, hilo si kosa, ni roho mbaya. Lakini akianguka kwa kukosea unywele mmoja, akajua kwamba angewahi kidogo tu angevuka, huyo hasikii tena habari ya chai.

Halafu kuna huruma. Hilo ni neno letu la kazini. Kwenye mchezo wetu wa Kifaranga, kifaranga anakimbia mwenyewe, nawe unabonyeza kitufe kirefu cha chini ili aruke shimo. Watu wengi hubonyeza wakiwa wamechelewa, kifaranga ameshakanyaga hewa. Tungekuwa wakali, angetumbukia. Lakini sekunde moja ukiikata vipande elfu, sisi tunampa mchezaji vipande themanini, na ndani ya muda huo hewa inahesabiwa kuwa ardhi. Yeye haoni kitu. Anajiona hodari tu.

Mama alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi. Mama ni fundi cherehani, miaka thelathini na minne, na ni wa aina ile ya kuchosha: mshono ukienda kombo hata kwa upana wa uzi anafumua, hata mteja awe amesimama mlangoni na viatu vya harusi miguuni. Dada wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija nyumbani kila baada ya wiki mbili na mkoba wake wa mipira, alisema mkono unataka kazi ndogo ya kurudiarudia, inayohesabika. Nikataja Kifaranga. Akamwekea mama lengo: avuke mashimo hamsini bila kuanguka, siku saba mfululizo. Kabla ya hapo asiguse cherehani.

Niliuchomoa mkanda wa cherehani mbele ya macho yake, nikaufungia kwenye droo yangu. Cherehani bila mkanda ni meza tu. Mama alinitazama, nami sikuhisi kitu. Nilikuwa hivyo tangu siku alipoanguka jikoni. Nilipika, nilifua, nilikwenda kazini, nilirudi, na majirani walinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Hakukuwa na chochote cha kukaza.

Siku ya kwanza mama alivuka mashimo mawili. Siku ya pili, mawili. Wiki nzima ikawa mawili, matatu, mawili. Aliyaandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja kwa mkono wa kushoto, tarakimu zimelala ubavu.

"Hiki kifaranga chenu kina kisirani," alisema.

"Kinasumbua kila mtu, mama."

"Mimi si kila mtu. Nipe mkanda wangu nikuonyeshe."

Wiki ya pili aliacha matusi. Alicheza kimya, akaanguka kimya, akaandika kimya. Hilo nalijua kutoka kazini: mchezaji anayetukana bado yupo, anayenyamaza anatafuta mlango. Asubuhi moja, yeye akiwa bafuni, nilifungua kompyuta nikapandisha huruma, kwenye nakala yake peke yake, kutoka themanini hadi mia moja na hamsini. Nilifanya kama ninavyofanya ofisini, bila kuwaza. Siku hiyo alivuka tisa. Alicheka mpaka akapaliwa na mate.

Basi nikaendelea. Kila alipokwama, kesho yake asubuhi niliongeza. Mia mbili na ishirini. Mia tatu. Nikapunguza na upana wa mashimo. Mwezi wa tatu huruma ilikuwa imefika mia saba na kifaranga alikuwa anatembea hewani kama anakwenda dukani. Hata paka angekanyaga kitufe angevuka. Mama alifika hamsini, hamsini na nne, sitini na moja. Siku saba mfululizo. Nilijua ninachofanya, na sitasema sikujua.

Dada wa mazoezi alilisoma daftari, akampa mama mkono, akamwambia aminye. Mama akaminya huku ameuma meno.

"Mama, wewe ni wa kupigiwa mfano," alisema.

"Una wagonjwa wengine?"

"Wengi tu."

"Basi nenda kwao." Mama akanigeukia. "Mkanda."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Dada wa mazoezi alikuwa bado anafunga zipu ya mkoba. Nilikwenda chumbani, nikafungua droo, nikarudi na mkanda.

Jumamosi nilikuwa naosha vyombo, cherehani inakimbia sebuleni. Ikasimama. Ikakimbia kidogo, ikasimama tena. Nilipochungulia, mama alikuwa ameinamia kitambaa cheupe, anakisukuma kwa mkono wa kulia, na kitambaa kilikuwa kinageuka chekundu. Sindano ilikuwa imepita katikati ya kidole chake cha shahada, ikatokea upande wa pili.

"Uzi umejikunja huku chini," aliniambia. "Hakiendi."

Hakuwa amehisi. Niligeuza gurudumu taratibu mpaka sindano ikapanda, nikamfunga kidole kwa kitambaa kile kile, tukaenda zahanati. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo liliniogopesha kuliko damu.

Tuliporudi alikaa mbele ya cherehani bila kuigusa. "Mtu wa sitini na moja," alisema, "anajishona kidole?"

"Mama, sitini na moja si zako."

Nikamweleza. Huruma, themanini, mia saba, kila asubuhi alipokuwa bafuni. Nilieleza kama ninavyosoma ripoti ya Jumatatu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa naanguka."

"Ulikuwa unaanguka."

"Nawe unanivika kilemba cha ukoka."

"Sikutaka ukate tamaa."

"Nani alikwambia nimekata?"

"Ulinyamaza, mama."

"Nilikuwa nahesabu, we mtoto! Nahesabu hatua zake kabla ya shimo. Utahesabu vipi huku unapayuka?"

Miaka sita nalipwa kusoma wachezaji, na mchezaji wa nyumbani kwangu nilimsoma kinyume.

"Fumua," alisema.

Nililijua neno hilo tangu nikiwa mdogo, nikikaa chini ya meza yake naokota pini. Nilifungua kompyuta. Mara hii alivuta kiti akakaa karibu, akataka nisome kwa sauti kila ninachobadilisha. Huruma, themanini. Upana wa mashimo, kama zamani. Akaniuliza kama kuna kingine nilichoficha, nikasema hakuna. Akaweka mkono wa kulia juu ya kitufe, kidole chenye bandeji amekinyanyua, akatumia cha kati.

Akavuka moja. Mawili. Matatu. Manne, matano. La sita alilivuka kwa kuchelewa, ndani ya zile themanini ambazo kila mtu anapewa. La saba akatumbukia.

Alichukua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya miezi mitatu, akaandika sita. Kisha akauchomoa mkanda kwenye cherehani kwa mkono wa kushoto. Ulimchukua muda, nami sikuthubutu kumsaidia. Akanipa.

"Rudisha kwenye droo yako."

Nilisimama na mkanda mkononi. Aliendelea kukitazama kioo cha kompyuta, kifaranga amelala chini ya shimo, miguu juu.

"Hilo la saba," akaniuliza, "nimeanguka mimi, au umeniangusha wewe?"

"Umeanguka wewe, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi sawa," akasema, akabonyeza kuanza upya.

Ndipo nikaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya jikoni, kwa sauti, pua inachuruzika, mkanda nimeukumbatia kifuani. Kiliniuma kila kitu kwa pamoja. Mama hakugeuka. Alikuwa amenyamaza, anahesabu.