Jumla Isiyo na Mabano

Mfugaji alifungua mlango wa mashine ya kutotolesha mayai, akaliweka yai moja shavuni. Uso ukamshuka.

"Kioo cha mashine kinasema nyuzi thelathini na saba na nusu. Mbona ni baridi hivi?"

Fundi aliyeandika programu ya mashine hiyo alipenyeza kipimajoto chake kati ya trei. Ishirini na tano.

Programu ile aliiandika pamoja na wifi yake, dada wa mumewe. Wenzao waliwatania kwamba karakana yao haiwezi kukosa mtandao, maana wifi yumo humo humo. Siku hiyo Fundi hakuwa na hamu ya utani. Majina ya mkato mwanzoni mwa programu yalikuwa kazi ya wifi, na moyoni alikwisha mhukumu.

"Uliniomba jumla ya vihisi viwili vya kupima joto," wifi alijibu, Fundi alipomlaumu karakanani. "Nikaandika JOTO ni KUSHOTO + KULIA. Nimekosea wapi?"

"Na mimi nikagawanya JOTO kwa mbili nipate wastani. Nimekosea wapi?"

Fundi akaivuta kompyuta karibu.

"Tusibishane bure," akasema. "Tuone kompaila inaletewa nini."

Katika lugha ya C, kabla kompaila, inayogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, haijasoma chochote, kuna kitangulizi kinachoandaa maandishi. Kila mstari unaoanza na alama ya reli (#) ni amri yake. Chenyewe hakijui hesabu. Kikikuta jina la mkato hulifuta na kubandika kilichoagizwa, herufi kwa herufi. Fundi alikiamuru kiishie hapo na kuonyesha kazi yake.

"KUSHOTO + KULIA / 2," alisoma polepole. "Kugawanya kunatangulia. Kimegawanywa cha kulia peke yake!"

Wifi akapiga hesabu kwa vidole. "Ishirini na tano, na nusu yake... Mungu wangu, thelathini na saba na nusu! Ndiyo maana mashine iliacha kupasha moto. Lakini si tuliijaribu hapa hapa?"

Fundi alionyesha amri nyingine: ikiwa ni JARIBIO, chukua mistari ya kihisi kimoja, la sivyo, chukua ya viwili. Mistari isiyotakiwa ilitupwa kabla kompaila haijaiona.

"Tulijaribu programu moja, tukauza nyingine."

"Ilinipasa niifunge ile jumla kwa mabano," wifi alisema kwa sauti ya chini.

"Nami ilinipasa nikuulize umeandikaje. Nililichukua neno lako nikalipa maana yangu."

Wakaweka mabano, wakaondoa JARIBIO, wakaacha kipimajoto ndani ya mashine ya pale karakanani mpaka kikakubaliana na kioo chake. Kisha wakaenda tena kwa mfugaji, wakaiweka programu mpya, wakangoja mashine ipate moto. Mfugaji akatia mkono ndani, akatikisa kichwa kukubali.

"Hapo sawa. Na haya yaliyopoa?"

Fundi alishika trei upande mmoja, wifi upande wa pili, wakayatoa nje taratibu, kana kwamba bado yangeweza kuvunjika yakaleta hasara.