Mikono Ilifika Jumatano

Sanduku lilifika Jumatano, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Mwanakhamis akiwa anapiga deki sakafu ya ukumbi wa Aston, Birmingham. Dipika, msimamizi wa ukumbi, alitia saini, akapasua utepe kwa ufunguo wa gari, akafunua. Ndani, juu ya magazeti ya Lagos yaliyokunjwakunjwa, ilikuwamo mikono miwili ya mwanamume, kuanzia viwiko kwenda chini, mmoja umeshika mkasi. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kovu dogo la sindano.

"Huyu ndiye fundi wetu, Obiora," Dipika alisema. "Mikono peke yake ndiyo imepewa viza."

"Ishakula?" Mwanakhamis aliuliza.

"Mama, mikono haina mdomo."

"Basi hata maji ya kunawa haipewi? Safari yote hiyo."

Alileta beseni la maji ya vuguvugu, akaiosha, akaipaka mafuta ya nazi kwa sababu ndege hukausha ngozi. Mikono ilimgonga kiganjani mara mbili, ndiyo ahsante yake, kisha ikaenda kutafuta cherehani.

Ilikuwa wiki ya sherehe za miji ya Afrika Magharibi. Kuta za ukumbi zilikuwa zimepakwa manjano na mistari myeusi kama mabasi ya Lagos. Dipika, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake hakijatoka huko hata baada ya miaka thelathini, alikuwa amewaalika wasanii watano, akaiandikia ofisi ya viza barua kueleza kila mmoja anahitajika kwa nini. Ofisi ilizisoma barua kwa makini, ikaruhusu kile kinachohitajika. Mchora mabasi wa Dakar alikuja mkono wa kulia. Mcheza ngoma wa Abidjan alikuja miguu, mpaka magotini. Mpishi wa Accra alikuja mabega na mikono, kwa ajili ya kutwanga fufu, ugali wao wa muhogo. Kondakta mmoja wa Lagos, aliyealikwa aite vituo kama anavyoviita kwao, alikuja sauti, ndani ya chupa ya chai iliyofungwa vizuri isije ikamwagika.

"Si haba," Dipika alisema. "Mwaka jana hawakunipatia hata kucha."

Alhamisi watu walijaa. Kwao Lagos fundi kama Obiora hana duka. Hutembea mitaani na cherehani begani, akigonganisha mkasi, na mwenye nguo iliyochanika humsikia akamwita dirishani. Hapa mikono haikuwa na bega la kubebea, kwa hivyo Mwanakhamis aliweka fagio chini, akajitwika cherehani, mikono ikatangulia hewani mbele yake, kachakacha, kachakacha. Mama mmoja wa mtaa wa Harborne alikatiwa suruali ikawa fupi vizuri. Bwana mmoja mwenye beji alisimama jukwaani akasema kwamba leo Birmingham imeupokea mji wa Lagos kwa mikono miwili, na watu wakampigia makofi. Mikono ya Obiora nayo ilipiga makofi, kwa adabu.

Mwanakhamis hakuiona vizuri hiyo mikono hata siku moja. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na doa katikati ya kila jicho. Alichokitazama kilipotea, alikiona kilicho pembeni yake tu. Daktari wa macho alimwambia doa litafunika vyote kabla ya majani kurudi mitini. Sura ya mtu angeweza bado kuiona, ikiwa umbali wa shubiri moja, mchana, akiishika na kuigeuza polepole. Na sura aliyoitaka ilikuwa moja, ya mwanawe Nasreen, aliyemwacha Unguja kwa mjomba wake Ussi akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa Nasreen alikuwa na thelathini na mmoja, mwalimu wa skuli. Kwenye simu ya video, Mwanakhamis akimtazama, aliona pazia na kalenda ya ukutani. Mtoto hayumo.

Kwenda yeye hakuweza. Pasi yake ilikuwa ofisini mwaka wa saba, ikingoja jawabu. Nasreen naye aliomba kuja kumtazama mama mara tatu, na mara tatu barua ilisema hatujaridhika kwamba utarudi.

Kwa hivyo walitegeana vitendawili. Nyumbani kwao mwenye kushindwa hutoa mji, na mwenye kutega huuchukua, akaenda akarudi kwa maneno, ndipo anapotoa jawabu.

"Kitendawili," Nasreen alisema jioni ile ya Alhamisi.

"Tega."

"Ana meno mawili, hana tumbo, anakula nguo hashibi."

Mwanakhamis alikuwa ameshona nguo za watu tangu ujana wake. "Hilo umenishinda."

"Mama! Kweli?"

"Umenishinda, mwanangu."

"Haya, nipe mji."

"Chukua Birmingham."

"Nimekwenda Birmingham, nimepanda basi la ghorofa, nimekula chipsi za siki, nimemwona mama yangu, nimerudi. Jawabu mkasi."

Miaka yote Mwanakhamis hakuwahi kukijua kitendawili hata kimoja, na hakuwahi kutoa mji mwingine.

Ijumaa Dipika alimpigia simu Obiora, amjulie hali. Obiora alikuwa nyumbani kwake Lagos, mkewe amemshikia simu sikioni. Aliuliza kama cherehani kinatiwa mafuta. Mwanakhamis aliomba aulizwe alijazaje fomu, na Dipika akatafsiri.

"Anasema kuna ukurasa wa nne, unauliza nini kinahitajika. Usiandike jina lako hapo, andika kitu. Yeye aliandika mikono." Dipika alisikiliza tena. "Na anasema, mama, pua ikiwasha ni taabu."

Usiku ule ule Mwanakhamis alimwambia Nasreen ajaze fomu, na ukurasa wa nne aandike uso.

"Uso tu?"

"Uso tu. Shingo wakitaka wabaki nayo."

"Na kazi ya huo uso, niandike nini?"

Mwanakhamis alifikiri. "Andika, kutazamwa na mama yake."

Jumapili sherehe zilikwisha. Miguu ya Abidjan ilifungwa katika sanduku lake, na sauti ya kondakta ikarudishwa chupani, ingawa ilishakauka kwa baridi. Mikono ya Obiora haikufungwa. Ilikuja barua kwamba kiwanda kimoja cha mapazia kimeiona ikifanya kazi, na ruhusa yake imeongezwa miaka miwili. Hakuna aliyemwuliza Obiora, kwa sababu fomu ilikuwa na jina la mikono. Dipika alimpigia simu. Mkewe Obiora ndiye aliyepokea, akasema atampigia baadaye, anamlisha.

Mwanakhamis aliyasikia hayo yote akiwa ameshika ndoo. Angeweza kumpigia Nasreen amwambie aiondoe fomu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama dirisha, dirisha likapotea, pembeni akaona mti usio na jani hata moja. Hakupiga simu.

Jawabu lilikuja baada ya wiki saba. Nasreen alimsomea.

"'Uso hauhitajiki. Tumeona kwenye fomu kwamba mwombaji ana mikono. Mikono imekubaliwa, kwa kazi ya kuwahudumia wazee.'"

"Kataa."

"Mama, mikono yangu itakushika. Barua zao hazijakushika hata siku moja."

"Nasreen, wataiongezea muda. Ya yule fundi wameiongezea. Nilijua, sikukwambia."



"Nilikuwa nishajua," Nasreen alisema. "Mjomba Ussi alisikia kwa watu. Na mimi sikukwambia wewe."

Mikono ilifika mwezi wa tatu. Miti ya Aston ilishachipua, watu walimwambia. Yeye mwenyewe hakuona tena pembeni wala katikati. Alilifungua sanduku kwa kupapasa. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa kimepinda, palepale kilipopinda Nasreen alipoanguka kwenye bembea ya sikukuu akiwa na miaka sita. Mke wa Ussi aliipaka hina kabla ya safari. Mwanakhamis aliinusa, akauliza kama hina imekolea. Hakukuwa na wa kumjibu. Aliiletea maji ya vuguvugu, akaiosha, akaipaka mafuta ya nazi, na mikono ikamsuka nywele, mistari miwili, kama alivyomfundisha Nasreen utotoni.

Kesho yake ikaanza kazi kwenye nyumba ya wazee huko Longbridge. Ilipanda basi yenyewe na kugusisha kadi yenyewe. Iliwaogesha wazee, ikawageuza vitandani, ikawalisha uji. Haikupewa saa ya mapumziko ya kula, kwa kuwa haili. Bibi mmoja aliyekuwa akikataa kushikwa na mtu aliishika siku nzima asiiachie, na msimamizi akaandika kwamba mikono hii ina moyo. Ilirudi nyumbani imechujuka kwa dawa za kuulia vijidudu, ikalala juu ya mapaja ya Mwanakhamis.

Jumapili moja, saa saba mchana, zamu ya mikono ilikuwa ianze saa nane. Nasreen alipiga simu. Ussi alimshikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mjomba kanilisha. Ananitia tonge kubwa kama anampakia punda magunia."

"Simama mwenyewe ujilishe basi," sauti ya Ussi ilisema, na wote watatu wakacheka kidogo.

"Skuli je?"

"Wamenipa barua. Mwalimu asiyeshika chaki atafundishaje. Haya, kitendawili."

"Tega."

"Mimi nimekaa nyumbani, wanangu kumi wote wako kazini."

Mwanakhamis alivishika vidole vilivyokuwa mapajani mwake, kimoja kimoja, mpaka kile kilichopinda.

"Hilo umenishinda," alisema.

"Nipe mji."

Mwanakhamis alifungua mdomo kusema Birmingham, neno likakataa.

"Unataka mji gani, mwanangu?"

"Nipe Unguja."

"Unguja si unayo?"

"Sijui. Nipe tu."

"Chukua Unguja."

Alingoja asikie nimekwenda Unguja, nimekula hiki, nimerudi. Hakusikia kitu. Hakusikia hata pumzi, na kwa kuwa haoni, hakujua upande wa pili kuna nini. Ndipo mikono iliponyanyuka mapajani mwake, naye akaifuata kwa vidole. Ilipanda hewani mpaka kimo cha uso wa mtu aliyekaa, ikafuta pale ambapo pangekuwa shavu la kulia, ikafuta la kushoto, ikabana ncha ya pua isiyokuwepo. Ilifanya hivyo mara tatu. Kisha ikashuka ikajipangusa kwenye kanga ya Mwanakhamis, naye akaigusa kanga. Ilikuwa kavu.

"Nasreen," aliita. "Mama yangu, nyamaza."

"Simu imekatika, Bi Mkubwa?" Ussi aliuliza.

"Haijakatika."

Saa saba na nusu mikono ilivaa glavu zake, ikafungua mlango, ikaufunga nyuma yake taratibu, na kuwahi basi la Longbridge.