Mwanya wa Bi Pindo

Jumapili ile watoto wa Bi Pindo walikaa kikao kuhusu mdomo wa mama yao, na mama mwenyewe wakamkalisha kwenye kochi kama mgonjwa. Walikuwa wawili tu, ila kelele zao za watu ishirini. Binti mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule, na hata nyumbani wanamwita Mwalimu Mkuu. Yeye ndiye aliyeshika kalamu. Kitindamimba, dereva wa lori, alishika simu yake na kuitikia "ndiyo, dada" kila dada alipovuta pumzi.

"Harusi ya binti yangu imebaki miezi miwili," alisema Mwalimu Mkuu. "Wakwe watakuja, picha zitapigwa, na bibi yake bibi harusi hawezi kukaa mstari wa mbele akiwa kibogoyo. Kwa hiyo tumeamua, Mama anawekewa meno. Nimeshaongea na watu wa kliniki."

"Mmeamua," alisema Bi Pindo.

"Ndiyo, dada," alisema kitindamimba, kisha akaona amepotea njia, akainamia simu.

"Na mdomo ni wa nani?"

"Mama, tafadhali usianze."

Lo! Usianze! Mtu kaitishiwa kikao sebuleni kwake, chai yake inanyweka, sukari yake inalambwa, halafu anaambiwa asianze. Bi Pindo alisimama, akakusanya vikombe vyote, hata cha kitindamimba kilichokuwa bado nusu, akasema, "Meno siweki. Ng'o! Anayeuonea haya mdomo wangu asinipige picha." Akaingia jikoni, akaviosha vile vikombe kwa fujo mpaka kimoja kikang'oka mkono.

Sasa, tusidanganyane. Meno alikuwa anayataka. Tena sana.

Bi Pindo ni fundi cherehani mwaka wa arobaini na mbili huu, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo lake halijawahi kwenda upande. Miaka yote hiyo mdomo wake ulikuwa mkono wa tatu. Pini alizibana kwa meno huku akizunguka mteja na chaki. Uzi aliupitisha kwenye mwanya wake wa mbele, akauma, ukakatika, akaendelea na kazi. Mkasi ulikuwa wa vitambaa. Jino moja la pembeni mwa mwanya lilikuwa na kijialama kabisa, uzi umelichimba taratibu kama kamba inavyochimba ukingo wa kisima. Mwaka jana meno ya juu yakamtoka moja baada ya jingine, na mkono wa tatu ukaenda nayo. Pini sasa zilimponyoka. Moja ilibaki kwenye sketi ya karani wa benki, na karani yule aliigundua katikati ya mkutano, alipokaa. Aliirudisha dukani kwenye bahasha, imefungwa kwa gundi. Bi Pindo aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno, na mteja alipoondoka alijifungia nyuma ya pazia akalia. Aliona aibu, kisha akakasirika kwa kuona aibu.

Kwa hiyo hasira ya Jumapili haikuwa ya meno. Ilikuwa ya lile neno "tumeamua".

Maana dukani kwake, chumba kile cha cherehani mbili na kioo kirefu, kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Msichana akija na mama yake, na mara zote huja na mama yake, Bi Pindo atawasikiliza wote, atapima, kisha atawatoa wasindikizaji wakakae kwenye benchi la nje. Atavuta pazia. Atamwuliza yule mwenye mwili, "Haya, sasa wewe mwenyewe unataka nini?" Wako waliocheka, wako waliolia, wako waliobadilisha shingo, mikono na urefu, vyote kwa mpigo. Akina mama wamemtukana kwa sheria hiyo. Wengine wamebeba vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine, na yeye akawafungulia mlango.

Jumatatu aliaga anakwenda kununua vifungo, akapanda ngazi za kliniki peke yake.

Fundi wa meno alikuwa kijana mpole, mikono ya shati imejaa vumbi jeupe la plasta. Bi Pindo alipoliona lile vumbi moyo ukatulia, akaona huyu ni mwenzake wa chaki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nichukue vipimo."

Kijana akacheka, akamjaza mdomo uji mzito wa rangi ya waridi kwenye kisahani cha chuma cha umbo la taya, akamwambia aume na asiongee. Hapo ndipo alipotoa habari. "Rangi usihangaike, Mama. Binti yako alishapiga simu. Namba moja, nyeupe kabisa, meno yaliyonyooka, yasiyo na nafasi."

Bi Pindo akaguna. Akaguna tena, kwa nguvu zaidi. Uji ukamtoka pembeni.

"Usiongee, Mama, kipimo kitaharibika."

Kisahani kilipotoka, maneno yalikuwa yamepanga foleni. "Binti yangu ana mdomo wake! Huu alikuja kuupima lini?"

"Mama, siku ya kujaribisha utayaona. Tunayapanga kwanza kwenye nta, hayajakaza. Yakikukataa tunabadilisha."

Neno "kujaribisha" lilimpoza kidogo. Nguo ikiwa bado ya kujaribisha, haijawa ya mtu. Akashuka ngazi, na vifungo akanunua kweli, asije akaonekana mwongo.

Wiki mbili baadaye alirudi, na nani amekaa kwenye kiti cha kungojea na kalamu mkononi? Mwalimu Mkuu, ana kwa ana. Kliniki ilimpigia simu yeye, si mwenye mdomo. "Mama! Na ulisema ng'o!" akacheka. "Nilijua utakuja tu."

Bi Pindo akameza maneno, wakaingia wote wawili. Fundi akamvalisha meno ya nta, akampa kioo.

Jamani, yalikuwa meupe! Meupe na sawasawa kama vigae vya choo kipya. Mwalimu Mkuu akapiga makofi. "Mama, umerudia ujana! Tazama!" Bi Pindo alitazama. Alimwona mama mmoja nadhifu, labda mke wa meneja fulani, anayemkodolea macho. Alijitafuta kwenye kile kioo, juu na chini, hakujiona. Uso wake alikuwa nao tangu utotoni, na mwanya wake aliurithi kwa mama yake, na sasa umefutwa kwa simu moja.

"Fumua," akasema.

"Samahani, Mama?"

"Yafumue. Uyapange upya."

"Mama," Mwalimu Mkuu akaingilia, kwa ile sauti ya kunyamazisha mstari wa wanafunzi, "usimsumbue kaka wa watu. Yamependeza. Fundi, yakaze hivyohivyo."

"Toka nje," akasema Bi Pindo.

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Nje kuna viti."

"Mama, mimi ni mwanao, nahangaika kwa ajili yako, halafu unanifukuza mbele ya watu?"

Bi Pindo akayatoa yale meno, akayaweka mezani, akaongea na mdomo wake mtupu, kila neno mahali pake. "Ulipouziba mwanya wako ulikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilirudi kutoka kazini nikakuta binti yangu ana sura nyingine. Iliniuma, mwanangu. Lakini sikusema neno, kwa sababu mdomo ulikuwa wako. Sasa huu ni wangu. Toka."

Mkono wa Mwalimu Mkuu ukapanda wenyewe mpaka mdomoni. Akatoka, akasahau kalamu.

Fundi alikuwa anachunguza viatu vyake. "Nikuwekee mwanya, Mama? Watu huja hapa kuziba."

"Usinihesabie watu. Weka."

Akapasha kisu chake kwenye moto, akalainisha nta, akasogeza jino. Bi Pindo akachomoa uzi kwenye mkoba, akaupitisha katikati ya yale meno mawili kama anatunga sindano. Ukagoma. "Ongeza." Akasogeza tena. Ukapita. Kwenye rangi, alisukuma pembeni ile kadi ya meno meupe, akachagua moja ya mtu aliyekunywa chai miaka sitini na sita bila kuomba ruhusa. Alitaka na kile kijialama cha uzi pia, fundi akaapa kuwa hapo jino litadhoofika, basi akasamehe hicho kimoja.

"Ila Mama, meno haya usikatie uzi. Nakusihi."

"Nimesikia," alisema Bi Pindo. Na kweli alikuwa amesikia.

Walishika njia ya nyumbani kwa miguu mpaka kwenye kona ya duka la viatu. Hapo Mwalimu Mkuu akasimama. "Shuleni walinicheka kila siku. Walisema mdomo wangu una mlango."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza."

"Hukuniuliza, Mama. Wasichana wa watu uliwaweka nyuma ya pazia ukawauliza. Mimi hukuniuliza hata siku moja."

Kumbe kunyamaza kule Bi Pindo alikuita heshima miaka yote ile, na mtoto aliona ametupwa. Na halikuishia hapo. Juu ya meza yake dukani lilikuwepo gauni la mjukuu, bibi harusi mwenyewe, limeshakatwa na kushonwa, shingo ya kufunga na mkia wa mita mbili. Maagizo yote ya Mwalimu Mkuu. Mjukuu alisimama tu, akapimwa, akageuzwa. Bi Pindo hakuvuta pazia, kwa kuwa benchini angepaswa kukaa binti yake mwenyewe. Sheria ya miaka arobaini na mbili ilivunjwa na mwenye sheria! Usiku kucha aligaagaa.

Siku ya kulijaribisha gauni, meno yalikuwa mdomoni, ya wiki moja, bado yanamfinya ufizi wa kushoto. Mjukuu aliyaona akataka kucheka, mkono ukawahi kuziba mdomo. Naye ana mwanya, na kuziba huko alifundishwa.

"Mwalimu Mkuu," alisema Bi Pindo, "benchi la nje."

"Mama! Mimi ni mama yake!"

"Wote wanaokaa pale ni mama zao."

Pazia likavutwa. Mjukuu alisimama ndani ya gauni lile, amenyooka kama anasubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Haya, mjukuu wangu. Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Bibi, si umeshashona?"

"Nimeshona bila kukuuliza. Kosa ni langu, na mikono ninayo. Sema."

Mjukuu akafunguka kama gunia. "Shingo inaninyonga. Huu mkia siutaki, Bibi, nataka kucheza kwenye harusi yangu, siyo kuburuta shuka. Na Ijumaa Mama ananipeleka nikazibe mwanya. Nilishasema sawa. Sitaki. Sitaki kabisa!"

"Ehee," alisema Bi Pindo, akatabasamu meno yote nje. "Ya Ijumaa utamwambia mwenyewe, nami nitakuwa nimesimama nyuma yako. Ya gauni tuachie sisi. Shika hapa. Mikono yote miwili."

Mjukuu akashika pindo kwa mikono miwili, na alipocheka hakubaki mkono wa kuziba. Bi Pindo akabana pini nne kwa meno. Hazikuponyoka. Akapiga magoti, akaanza kuachia mshono wa mkia kwa ncha ya sindano, hatua kwa hatua, kitambaa kikishuka sakafuni.

"Mnafanya nini humo?" sauti ya Mwalimu Mkuu ikaja kutoka nje. "Mbona nasikia kitambaa?"

"Tunafumua!"

Benchi likalia, kama mtu amesimama kwa hasira. Hakuingia. Baadaye likalia tena, amekaa.

"Mama," sauti ikasema, ndogo, ya msichana aliyechekwa shuleni. "Mkimaliza, na mimi niulizwe."

Sindano ilisimama mkononi mwa Bi Pindo. Macho yakamjaa, na kazi ya macho ilikuwa bado nyingi.

"Kaa hapohapo, mwanangu," akaitikia, pini zimebanwa. "Wewe ndiye unayefuata."

Akazichomeka pini, akapitisha uzi kwenye mwanya, akauma. Ukakatika.